Kabla Hujakaa Mezani: Dau, Kiingilio na Rafiki Yako



Vijana wenzangu, naomba tufungue Injili ya Luka, sura ya 14, aya ya 28 hadi 30. Yesu anamzungumzia mtu anayetaka kujenga mnara. Anasema mtu huyo hukaa kwanza akapiga hesabu ya gharama, aone kama anacho cha kumalizia, asije akaweka msingi halafu akakwama na wapita njia wakamcheka. Mara nyingi aya hizi tunazisikia zikihubiriwa kwa wanaojiandaa na ndoa, au kwetu sisi tulioko malezi. Leo nazipeleka mahali ambapo sijawahi kusikia mtu akizipeleka: kwenye geto, Jumamosi usiku, karata zikiwa zimechanganywa na mtu anauliza, "Haya, tunaweka shilingi ngapi?"

Kuna swali ambalo vijana wa Mbeya na Iringa wameniuliza mara nyingi kuliko hata swali la Utatu Mtakatifu. "Frateri, tukicheza karata kwa mia mbili mia mbili tu, hiyo nayo ni dhambi?" Na siku hizi si arobastini wala lasti kadi peke yake. Ni poka. Watu wameiona kwenye sinema, wameipakua kwenye simu, wamejifunza. Baridi ya Juni na Julai huku kwetu mnaijua, usiku ukiingia hakuna anayetamani kutembea, na chumba kimoja chenye chai ya tangawizi na washikaji watano kinatosha kabisa. Nawaelewa. Mimi mwenyewe napenda karata, tena arobastini nacheza vizuri.

Basi nianze na jibu fupi, ili asiye na muda asiondoke na wasiwasi. Kanisa halifundishi kwamba karata ni dhambi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, inasema wazi kwamba michezo ya bahati, karata zikiwemo, na kuwekeana dau, si kinyume cha haki kwa yenyewe. Hata mitume walipiga kura kumpata Mathia (Mdo 1:26). Lakini namba hiyohiyo inaendelea. Mchezo unakuwa haukubaliki pale unapomnyima mtu kile anachohitaji kwa ajili yake na kwa ajili ya wanaomtegemea. Inaonya kwamba tamaa ya kamari inaweza kugeuka utumwa. Na kudanganya mchezoni, au kuwekeana dau lisilo la haki, inaliita jambo zito, isipokuwa kama hasara ni ndogo kiasi kwamba aliyeipata hawezi kwa akili timamu kuiona kuwa kitu.

Sasa rudi kwenye swali la mia mbili. Ukilisikia hivyo utasema, ah, mia mbili ni nini, hata vocha hainunui. Hapo ndipo hesabu ya mnara inapohitajika, kwa sababu kwenye poka kuna namba mbili na watu huitaja ile ndogo tu.

Namba ya kwanza ni dau. Kila raundi, wachezaji wawili wanalazimika kuweka kitu kabla hata hawajaziona karata zao. Wachezaji huita blaindi, ndogo na kubwa. Tuseme mia na mia mbili. Namba ya pili ni kiingilio, yaani pesa unayoiweka mezani unapoketi, inayobadilishwa kuwa vile vidude vya plastiki vinavyoitwa chipsi (si za mayai). Utaratibu uliozoeleka ni kukaa na mara hamsini hadi mara mia moja ya blaindi kubwa. Kwa hiyo meza ya "mia mbili" ni meza ya elfu kumi mpaka elfu ishirini. Anayekwambia "njoo tucheze mia mbili" amekutajia mlango, hajakutajia nyumba.

Tupige hesabu pamoja. Tuseme mko watano na mnacheza kama mikono thelathini kwa saa. Zamu ya blaindi itakuzungukia mara sita, na kila mzunguko unakudai mia tatu. Hiyo ni shilingi 1,800 kwa saa hata kama umekaa kimya unatupa karata zote, hujathubutu lolote. Kaa saa nne: 7,200. Na hakuna anayekaa saa nne akitupa karata tu, si ndiyo? Unapata jozi ya wafalme, unapandisha, mwenzako anapandisha juu yako, mara moja elfu kumi yote iko katikati na karata ya mwisho inamwangukia yeye. Sasa utafanya nini, saa nne usiku, wenzako bado wanacheka? Unajaza tena. Elfu kumi nyingine. Halafu nyingine. Umeingia kwa mia mbili, umetoka na pengo la elfu thelathini. Kwa mwanafunzi wa chuo anayeishi kwa bumu, ambalo tangu mwaka wa masomo 2022/2023 limekuwa shilingi 10,000 kwa siku, hizo ni siku tatu za kula. Kwa dereva wa bodaboda wa Uyole au Ipogolo mwenye pikipiki ya mkataba, ni marejesho ya siku kadhaa.

Ndiyo maana nasema swali "dau ni shilingi ngapi?" si swali la maadili bado. Swali la maadili ni: umeleta nini mezani, utajaza mara ngapi, na hiyo pesa ni ya nani?

Kuna kanuni moja ya poka ambayo, kwa maoni yangu, ina busara kuliko baadhi ya mahubiri yetu kuhusu kamari. Wanasema: kinachochezwa ni kilichoko mezani tu. Mkono ukishaanza huruhusiwi kuchomoa pesa mfukoni kuongeza, na hakuna anayeweza kukulazimisha uweke usichonacho mezani. Ukiwa umebakiza elfu tatu na mwenzako ameweka elfu nane, unaweka elfu tatu zako zote na unashindania kiasi kinacholingana na hizo. Kinachozidi kinatengwa pembeni wakishindania wengine, na asipokuwepo wa kukilipia kinarudishwa kwa mwenyewe. Tajiri hawezi kumfukuza maskini mezani kwa kupandisha mpaka mwenzake akeshindwa kulipa. Kanuni hiyo inaweka ukuta kati ya mchezo na maisha. Pikipiki yako iko nje ya ukuta. Kodi ya chumba iko nje ya ukuta. Mama yako yuko nje ya ukuta.

Shida ni simu. Zamani ukuta huo ulisaidiwa na giza: pesa ikiisha imeisha, hakuna wakala aliye wazi saa sita usiku. Leo mshindi anakutajia namba yake, unatuma palepale, na salio likiisha unabonyeza mkopo wa simu ambao unakuja na makato yake. Kanuni imefuatwa kwa herufi, maana umejaza kati ya mkono na mkono, lakini ukuta haupo tena. Kama mnacheza, zimeni simu, au ziwekeni chumba kingine. Na mseme mapema, kabla ya karata ya kwanza, kwamba kujaza ni mara moja tu au hakuna kabisa. Kuna namna ya kucheza ambapo kila mmoja anatoa kiingilio kimoja, kwa mfano elfu mbili, akiishiwa anakaa pembeni anatazama, na anayebaki mwisho anachukua. Hapo angalau unajua tangu saa moja jioni kwamba usiku huu mzima utakugharimu elfu mbili na si zaidi. Huo ndio ujenzi wa mnara kwa hesabu.

Lakini hesabu si kitu pekee. Nisikilizeni kidogo hapa, maana ndipo ninapotaka tukae.

Lugha yetu ina ukweli ambao vitabu vyangu vya falsafa vilinichukua miaka kuufikia. Mtu akishinda kamari, Kiswahili hakisemi tu kwamba ameshinda. Kinasema amekula. Na aliyeshindwa ameliwa. "Jana nimeliwa elfu ishirini." "Nani kakula?" "Kanila Fulani." Mnaisema kila siku bila kuisikia. Mezani hapo hakuna kilichopikwa. Watu watano wameleta elfu kumi kumi, ni elfu hamsini. Asubuhi elfu hamsini ni ileile, haijaongezeka hata senti. Gunia la mbegu ya viazi ukilipanda Uporoto na Mungu akajalia mvua, unavuna magunia. Kamba moja ya parachichi... sawa, parachichi hazipandwi kwa kamba, lakini mmenielewa: ardhi hurudisha zaidi ya ilichopewa. Meza ya karata hairudishi zaidi. Kila shilingi ninayotoka nayo imetoka mfukoni mwa mtu aliyekuwa ameketi karibu nami, na mara nyingi ni rafiki yangu.

Aristotle aliligusa hili kabla ya Kristo. Katika kitabu cha nne cha Maadili ya Nikomako, anapozungumzia watu wenye uchu wa faida ya aibu, anamweka mcheza kamari fungu moja na mnyang'anyi. Tulipolisoma darasani wengi walicheka, tukaona mzee ametia chumvi. Lakini tazameni sababu anayoitoa. Mnyang'anyi angalau anaingia kwenye hatari kubwa kwa ajili ya ngawira yake. Mcheza kamari anajipatia faida kutoka kwa marafiki zake, watu ambao alipaswa kuwapa. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kuueleza ubaya wa kamari ya nyumbani vizuri kuliko hivyo. Kwenye kasino unakula na kuliwa na wageni. Nyumbani, unayemla ni yule ambaye wiki ijayo akiugua ndiye utakayemchangia, au ungepaswa kumchangia.

Na Mtume Paulo aliwaonya Wagalatia (5:15) wasiwe watu wa kuumana na kulana, wasije wakaangamizana. Hakuwa anazungumzia karata, najua. Lakini Mswahili akiisoma aya hiyo hawezi kukwepa kusikia meza ya Jumamosi. Halafu Jumapili asubuhi, usingizi bado machoni, kijana huyohuyo yuko mbele ya meza nyingine. Pale aliyealika ndiye anayetoa mwili wake uliwe na rafiki zake. Nimewahi kujiuliza, mtu anayeitikia "Amina" akipokea Ekaristi hali mfukoni ana pesa ya mwenzake aliyekosa nauli ya kuja misa, anaitikia nini hasa?

Msinielewe vibaya. Sisemi kila dau linamla mtu. Elfu mbili kati ya watu wenye kazi, wanaocheka mshindi anaponunua soda za wote, hiyo ni burudani, na Mtakatifu Thomas wa Akwino katika Summa (sehemu ya pili ya pili, swali la 168) anatetea kabisa kwamba roho ya binadamu inahitaji mchezo ipumzike, kama mwili unavyohitaji kulala. Asiyejua kucheza kabisa, anayewakunjia wenzake uso wakicheza, huyo naye Thomas anamhesabia kosa. Kuzuga nako, yaani kujifanya una karata kubwa huku huna kitu, si uongo wa kwenda kuungama, maana wote mmekubaliana kwamba huo ndio mchezo wenyewe. Kuficha karata kwenye mkono wa sweta ni jambo jingine. Na ile karata tatu ya stendi, ambapo watatu kati ya "wachezaji" wanne ni kundi moja, hiyo siijadili. Ni wizi tu.

Linalohitaji mjadala ni ujuzi. Vijana wengine hunijibu, "Frateri, poka si kamari, poka ni akili." Kuna ukweli ndani yake. Mkono mmoja unaweza kuamuliwa na bahati, lakini mikono elfu moja itampendelea anayejua kuhesabu uwezekano, anayesoma sura za watu, anayejua lini atupe karata. Mtakatifu Fransisko wa Sales, katika kitabu chake cha mwaka 1609 kuhusu maisha ya ibada, alitumia tofauti hiyo hiyo: michezo ambayo faida ni tuzo ya ustadi aliiruhusu, mradi dau lisiwe kubwa wala muda usiwe mrefu, na ile inayotegemea zaidi bahati, karata na dadu, aliikataa. Alikuwa mkali kuliko Katekisimu ya leo, lakini hakuwa mjinga. Sasa tuseme poka ni akili. Je, hilo linaisafisha? Mimi naona kwenye meza ya nyumbani linaitia doa zaidi. Kama ni akili, na wewe umecheza miaka mitatu kwenye simu, na umemwalika binamu yako aliyetoka Kyela juzi ambaye hata hajui kwamba karata tano za rangi moja zinaishinda ngazi, basi hukumwalika kucheza. Umemwalika kumla. Katekisimu inaposema dau lisilo la haki, mimi namwona yule binamu.

Tuje kwenye swali la pesa ni ya nani. Pale msalabani, Yohane 19, askari walipigia kura vazi la Yesu lisilo na mshono. Nao walikuwa wanacheza bahati nasibu, tena karibu kabisa na mtu anayekufa. Kilichonigusa ni kwamba kiingilio hakikutoka mfukoni mwa yeyote kati yao. Walichezea nguo ya mwingine. Sasa fikiria kijana aliyetumiwa na baba yake laki moja na nusu kutoka Makete, "kanunue mbolea ya kukuzia, utume na gari la kesho." Fikiria mhazini wa kwaya anayetunza michango ya sare kwenye simu yake mwenyewe. Fikiria ada ya mdogo wako. Mtu wa namna hiyo akiketi mezani, hata akishinda, tayari amecheza na vazi lisilo lake. Hajali dau ni mia mbili au ni elfu mbili. Na wewe unayejua kwamba pesa aliyonayo ni ya mbolea, ukampisha kiti, una sehemu yako.

Mama zetu nao wana mchezo. Mnaujua: wanawake kumi na wawili wa jumuiya, kila mwezi kila mmoja anatoa elfu ishirini, na mmoja kwa zamu anachukua 240,000. Mwaka ukiisha kila mmoja ametoa 240,000 na amepokea 240,000. Kihesabu hakuna aliyepata chochote! Hata hivyo huyu ameezeka bati, yule amelipa ada, mwingine amenunua ng'ombe. Ni neno lilelile, mchezo. Pesa inaingia katikati, mtu mmoja anaichukua yote, kama poka kabisa. Lakini wa leo anajua kesho atampa mwenzake, na pesa ilipokusanyika ilifanya kazi ambayo isingefanya ikiwa vipande vipande. Nawaambia vijana wa VIWAWA na wa TMCS: kama mnachotaka ni kukutana Jumamosi na kuweka pesa katikati, mama zenu walishagundua namna ya kufanya hivyo bila mtu kuliwa. Karata mchezeni kwa punje za mahindi. Niamini, watu watano wenye ushindani wanaweza kugombania punje hamsini za mahindi kwa hasira zilezile.

Kwa mwenye geto nina neno moja. Ukianza kukata kitu kwenye kila raundi, "ya umeme na sukari", angalia unakoelekea. Elfu moja ya chai mkakubaliana wote, sawa. Lakini ukikata asilimia kwa kila mkono, umeacha kuwa mwenyeji, sasa unaendesha biashara ya kamari, na biashara hiyo hapa Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, ina Bodi yake, ina leseni, na hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18. Mdogo wako wa kidato cha tatu anayechungulia mlangoni asipewe kiti, hata kwa mia.

Najua kuna anayesoma hapa ambaye ameshavuka hatua ya elfu mbili na soda. Amekopa kwa watu watatu, anakwepa njia ya Mwanjelwa kwa sababu mmoja wao anauza duka pale, na kila Jumamosi anajiambia hii ndiyo ya kurudisha. Kwako ndugu yangu nina mtakatifu. Kamili wa Lellis alizaliwa Italia mwaka 1550, akawa askari wa kukodiwa, mrefu, mwenye nguvu, mkali, na mcheza kamari asiyejizuia. Aliwahi kupata kazi hospitali huko Roma akafukuzwa, na karata zikiwa moja ya sababu. Mwaka 1574 huko Napoli alipoteza kila kitu mezani. Inasimuliwa kwamba hata shati lilikwenda. Aliishia kuwa kibarua kwenye ujenzi wa nyumba ya watawa Wakapuchini, mtu wa miaka ishirini na minne, kidonda mguuni, hana kitu. Ni huko, tarehe 2 Februari 1575, ndipo neema ilipompata njiani. Halafu akarudi kuwahudumia wagonjwa katika hospitali ileile iliyomfukuza, akapewa upadre mwaka 1584, akaanzisha shirika la watumishi wa wagonjwa wanaovaa msalaba mwekundu kifuani. Leo ni msimamizi wa wagonjwa na wauguzi, na sikukuu yake ni tarehe 14 Julai.

Ninachokipenda kwa Kamili ni kwamba hakurudisha pesa yake kwa mkono mmoja wa mwisho. Alibeba mawe. Deni la kamari halitibiwi na kamari, na ukipiga hesabu utaona kwa nini: ukiwa umebakiza kidogo unalazimika kuweka zote mapema, wenye chipsi nyingi wanakungoja tu. Mwambie mtu mmoja. Katekista, paroko, dada yako mkubwa. Waambie wenye meza wasikupe kiti, uwaambie mbele ya watu, maana ukiwaambia mmoja mmoja utawarudia mmoja mmoja. Nenda kitubio. Kisha panga na kila unayemdai wewe na kila anayekudai, kiasi gani kwa wiki, hata kama ni elfu tatu.

Limebaki swali ambalo watu hupenda kulikwepa: na aliyekula? Je, arudishe? Mtakatifu Thomas analijibu palepale anapozungumzia sadaka, swali la 32, ibara ya 7, kwa kuwa wapo waliotaka kutuliza dhamiri kwa kupeleka pesa ya kamari kanisani. Anasema kuna faida ambazo lazima zirudishwe: uliyoipata kwa udanganyifu, uliyoipata kwa mtu asiye na uwezo wa kuitoa mali hiyo, kama mtoto au mtu asiye na akili timamu, na uliyoipata kwa mtu uliyemvuta mezani kwa tamaa yako ya kumla. Kuitia kwenye kapu la sadaka haitoshi, maana ina mwenyewe. Mimi ningeongeza ile pesa ya mbolea: ikiwa unajua imetoka kwa baba wa watu, basi mwenye kuidai ni yule mzee wa Makete, si mwanawe. Mengine, yale ya elfu mbili kati ya watu wazima waliokubaliana, kula kwa amani na ununue soda.

Kurudisha si lazima iwe hotuba. Zakayo alitangaza mbele ya watu, lakini Zakayo alikuwa tajiri na mji mzima ulishajua. Wewe unaweza kutuma tu kwa simu, kiasi kilekile, pamoja na ya kutolea. Akikupigia kuuliza ni ya nini, mwambie ni yake.